Marahaba Kutoka Mazingara

Sehemu ya Sita

Haya, tuliachana pabaya. Shamimu yuko kwenye kiti cha wageni ofisini kwa Bwana Hiza, pale Manundu mjini Korogwe, kompyuta iko magotini, na kwenye kioo imetokea namba ya simu anayoijua kuliko namba yake mwenyewe. Bwana Hiza amesimama nyuma yake na kikombe cha chai. Naye ameiona.

Wewe uliyelikosa gazeti la wiki iliyopita, kaa hapa nikupitishe haraka. Shamimu ni fundi wa programu za kompyuta. Amepanga chumba Kilole, anaishi peke yake, na anaitengenezea kampuni ya mbegu ya Chipukizi msaidizi wa akili mnemba. Msaidizi huyo wamempa jina la Karani.

Karani anajua kusema, lakini hana mikono. Ukimuuliza wateja wanasemaje, hajui, mpaka Shamimu amtengenezee zana ya kwenda kubisha hodi kwenye mfumo wa matangazo, ule unaowatumia wakulima meseji kila asubuhi, achote habari na kuzileta. Mafundi huuita mlango huo API. Sisi tutauita mlango, inatosha.

Alhamisi ile ilikuwa siku ya majaribio. Bwana Hiza, meneja, Mshambaa wa Mombo asiyependa kupoteza muda, aliuliza kwa Kiswahili chake cha kila siku: kati ya wakulima wote tunaowatumia meseji, nani anaitaka mbegu yetu kuliko wote? Karani akabisha hodi, akachota, akajibu kwamba mteja wa kwanza yuko Mazingara, wilayani Handeni, na hajaacha kujibu meseji hata moja tangu msimu huu uanze.

Kisha akaweka namba na jina. Mzee Mhina.

Baba yake Shamimu.

"Huyu ndiye," alisema Bwana Hiza, na chai ikamwagika kidogo kwenye kisosi. "Huyu ndiye tuliyekuwa tunamtafuta."

Akaanza kupanga hapo hapo. Jumamosi wataondoka na gari la kampuni mpaka Mazingara. Watampiga mzee picha akiwa shambani, picha itawekwa kwenye bango kubwa pale Mkata ambapo mabasi yote yanapita, na shamba lake litakuwa shamba la mfano. Na Shamimu atakuja, kwa sababu Bwana Hiza amewahi kumsikia akiongea Kizigua na mama mmoja wa machungwa sokoni, na mzee kama huyo anahitaji mtu wa kumsemesha kwa lugha yake.

Shamimu aliitikia kwa kichwa. Angefanya nini? Hajawahi kumwambia mtu yeyote Korogwe kwamba kwao ni Mazingara.

Sasa tusilaumiane kwamba sikukukumbusha. Miaka miwili iliyopita Shamimu alifunga ndoa ya bomani mjini Arusha na kijana wa Lushoto aitwaye Dennis. Baba yake alikuwa amemwomba asubiri, wazungumze kwanza, watu wa pande zote mbili wakae. Hakusubiri. Alipopiga simu kusalimia baada ya ndoa, Mzee Mhina hakupandisha sauti. Alisema tu, "Salamu yako ya simu siitaki. Siku ukitaka kunisalimia, uje kwa miguu yako." Akakata.

Mimi nawajua wazee wa namna hii. Hufunga mlango kwa kishindo, halafu hukaa nyuma ya mlango huo huo wakisikiliza kama kuna mtu anakuja. Lakini Shamimu naye ni binti wa baba yake. Hakupiga tena.

Ndoa yenyewe haikufika mbali. Siku alipotoka kwa Dennis aliitupa laini ya simu kwenye jalala, akanunua nyingine, akapanda basi kurudi nyumbani. Mwenye kuijua barabara ile anajua kwamba ukitoka Arusha unaifikia Korogwe kwanza, ndipo Segera, ndipo Mkata, ndipo ushike njia ya Mazingara. Basi liliposimama Korogwe ili abiria wapate chakula, Shamimu alishuka akanunua maji. Akafikiria uso wa baba yake, akafikiria majirani watakavyomtazama akiwa na begi. Akamwambia kondakta ampe na begi lake. Alisema atalala siku moja tu, apate nguvu.

Mwaka umepita, na hajapanda basi mpaka leo.

Kilole ni mahali pazuri kwa mtu anayetaka asiulizwe. Mama mwenye nyumba yuko Tanga kwa mwanawe, wapangaji wengine ni walimu wanaotoka alfajiri. Kuna siku Shamimu alimaliza kutwa nzima na sauti pekee iliyomtaja kwa jina ni ya Karani, akisema, "Habari, Shamimu. Tufanye nini leo?" Na alijua vizuri kwamba sentensi hiyo aliiandika mwenyewe.

Mtu akifika hapo, wenzangu, amekuwa mpweke kweli kweli.

Basi alitoka ofisini kwa Bwana Hiza, akavuka mji kwa miguu, na njia nzima alikuwa akitafuta upenyo. Jumamosi asimame mbele ya baba yake kama mpiga picha wa kampuni? Ashuke kwenye gari la watu, hana mume, hajatoa taarifa, na badala ya kuelezwa habari hiyo mzee aletewe bango? Hapana. Safari hii lazima ife, na njia ya kuiua ni kuonyesha kwamba Karani amekosea.

Alipofika chumbani ndipo akili ilipomtulia, akaliona kosa. Halikuwa la Karani. Lilikuwa lake.

Zana hizi fundi huziandikia maelezo mafupi ili msaidizi ajue azitumie vipi, kama unavyomwachia maelekezo mtu atakayelala nyumbani kwako ukisafiri. Kwenye zana ile ya kwanza Shamimu alikuwa ameandika hivi: mteja anayejibu meseji ni mteja anayetaka bidhaa. Karani aliamini. Hakuna aliyemwambia vinginevyo. Tena zana yenyewe ilikuwa inachota hesabu ya majibu tu, nani kajibu na mara ngapi, bila kuchota maneno yaliyomo ndani. Shamimu aliona maneno yanachelewesha kazi.

Na kulikuwa na kosa la pili, lililotangulia hilo. Meseji za kampuni zilipoletwa kwake mara ya kwanza zilianza na "Habari Mwaija, msimu ndio huu. Je, wajua?" Shamimu alikereka. Mzee wa miaka sabini unamwita kwa jina tupu kila asubuhi, kama unamwita mtoto aliyechelewa shule? Akabadilisha. Akaagiza kwamba kila aliyevuka miaka hamsini, meseji yake ianze na shikamoo. "Shikamoo mzee wetu," halafu ndipo ifuate dondoo ya kilimo na jina la mbegu. Bwana Hiza alisifu, akasema majibu yameongezeka sana.

Yangeachaje kuongezeka? Fundi aliyelelewa mbali asingelifanya kosa hilo, kwa sababu asingejua kwamba huku kwetu shikamoo haiachwi hewani. Mzee anaweza kukukasirikia, anaweza kuwa anaumwa, anaweza kuwa hakujui kabisa, lakini ukimwamkia atakuitikia. Asipoitikia amekutenga. Nani atamtenga mtu ambaye hajamkosea kitu?

Shamimu alifungua kompyuta, akaanza kutengeneza zana ya pili. Hii ilikuwa ya kuchota maneno. Mlango ule ulikuwa na masharti yake: unatoa majibu kwa mafungu, na ukibisha haraka haraka unakukatalia. Akaifundisha zana isubiri, ibishe tena kwa adabu, ichukue fungu linalofuata. Jua lilikuwa bado halijazama Karani aliposema, "Shamimu, nimepata majibu yote ya Mzee Mhina wa Mazingara. Nikufupishie?"

Shamimu akasema hapana. Akasogea karibu na kioo, akasoma mwenyewe.

Ya kwanza ilikuwa neno moja. "Marahaba."

Ya pili hivyo hivyo. Ya tatu, "Marahaba mwanangu."

Baada ya hapo mzee alianza kuzoea. "Marahaba. Mbegu ninayo ya mwaka jana haijaisha. Nyie hamjambo huko?" Siku nyingine, "Marahaba mwanangu. Leo umewahi, ndio kwanza natoka kuswali." Nyingine, "Marahaba. Mvua imepiga upande wa Mkata, kwetu pakavu." Kisha, "Marahaba. Mbona nikikuuliza hujibu? Unasalimu unaondoka. Sawa, najua una kazi."

Shamimu aliendelea kuteremka. Herufi zilianza kukosewa, maneno yakawa yanagongana. "Marahaba. Macho yananisumbua, hii naandika kwa kubahatisha." Na chini kabisa, meseji ya asubuhi ile ile, "Marahaba mwanangu. Ninaye binti alikuwa hivi kama wewe. Hajatua ndoo ameshaamkia. Wewe umelelewa na nani?"

Alilia, na sitajifanya kwamba alilia kidogo. Alilia kwa hasira kwanza. Salamu yake ya simu ilikataliwa, na hii ya tangazo la mbegu ikapokelewa, ikaitwa mwanangu. Aliionea wivu programu aliyoiandika kwa mikono yake. Kisha hasira ikaisha, ikabaki picha ya mzee amekaa mwenyewe barazani, simu ameisogeza mpaka puani, anamuuliza habari mtu ambaye hayupo.

Mkewe, mama yake Shamimu, alishafariki zamani. Shamimu hana ndugu. Ile nyumba haina mtu mwingine wa kuamkia.

Asubuhi ya Ijumaa alikuwa Manundu kabla ofisi haijafunguliwa. Alimweleza Bwana Hiza yote kuhusu kazi, na hakumweleza chochote kuhusu nafsi yake. Akamwambia Karani alete maneno ya wateja wote wa juu, siyo wa Mazingara peke yake. Bwana Hiza akavaa miwani, akaanza kusoma.

Marahaba. Marahaba mwanangu. Marahaba, msalimie bosi wako. Marahaba, sisi wazima, mjomba wenu tu ndiye anaumwa mgongo. Mama mmoja wa Mazinde alikuwa ameuliza kama huyu anayemwamkia kila siku ameoa.

Bwana Hiza alicheka mpaka akavua miwani. Akapangusa macho. Alipoivaa tena hakuwa anacheka.

"Wote hawa wanaitikia salamu tu?"

"Wote," alisema Shamimu. "Walionunua hawamo kwenye hii hesabu. Walionunua wengi hawajibu meseji kabisa, wanakwenda dukani."

Safari ya Mazingara ikafa pale pale, pamoja na bango lake. Shamimu alihisi kifua kimemwachia. Alikuwa amepona. Alishaanza kufunga kompyuta Bwana Hiza aliposema afungue tena.

Alisema hakuwa na ubaya na wazee. Mama yake mwenyewe yuko Mombo, angepokea salamu hizo kwa furaha. Lakini kila meseji inalipiwa, na wakubwa wake wakiuliza kwa nini wanawalipia watu marahaba, atasema nini? Kwa hiyo aliagiza mambo mawili. Shikamoo itolewe kwenye meseji zote. Na wale ambao kazi yao ni kuitikia bila kununua, waondolewe kwenye orodha leo hii, kabla meseji za kesho hazijatoka.

"Kampuni haisalimii watu, Shamimu," alisema, tena kwa upole. "Inauza mbegu."

Umeona mtego ulivyojifunga? Kuficha uso wake kumempokonya baba yake salamu ya asubuhi. Angenyamaza asubuhi hiyo, mzee angeendelea kuamkiwa. Na sasa aliyetakiwa kuikata alikuwa ni yeye.

Akatengeneza zana ya tatu pale pale ofisini, ya kuondoa majina. Zana ya namna hiyo haiachiwi msaidizi peke yake. Karani hukusanya majina, huyaonyesha, husubiri mtu abonyeze kukubali. Majina yakakusanyika. Shamimu akayapitia moja moja, na alipofika kwa Mzee Mhina akaondoa alama pembeni ya jina, kimya kimya. Jina moja likibaki, nani atajua?

Bwana Hiza alijua. Alikuwa amesogeza kiti.

"Huyu wa Mazingara mbona amebaki? Si ndiye kinara wao?"

Shamimu aliteremsha orodha, jina likatoka kwenye kioo.

"Unamfahamu?"

Maneno yalikuwa pale, mepesi, mawili tu: baba yangu. Ungemwona alivyofungua mdomo ungedhani anayasema. Lakini yakishatoka yataulizwa mengine. Kwao ni wapi, mume yuko wapi, kwa nini mtoto yuko Korogwe na baba yake anaamkiwa na mashine. Alitazama mkono wake uliokuwa juu ya meza.

"Hapana," alisema. "Ni makosa yangu."

Akairudisha alama pembeni ya jina la baba yake. Karani akauliza, "Shamimu, unathibitisha?" Akabonyeza.

Niliahidi tangu sehemu ya kwanza kwamba sitamhukumu huyu binti, nami nashika ahadi. Lakini mchana ule alipopita sokoni mama wa machungwa alimwita kwa Kizigua, na Shamimu akapita kama hakusikia.

Jumamosi aliamka mapema kuliko kawaida, akakaa kitandani. Alijua saa ambayo meseji hutoka. Ilipofika alisikiliza, ingawa hapakuwa na cha kusikiliza. Meseji zinazotumwa na kompyuta hazina mlio kwa anayezituma. Walimu walikuwa wameshatoka. Bomba la uani lilikuwa linadondosha maji kwenye ndoo ya mtu.

Saa ya salamu ikapita.

Aliwasha kompyuta, akajidanganya kwamba anakagua kazi. "Habari, Shamimu," alisema Karani. "Meseji za leo zimetoka salama. Majibu yamepungua sana. Kuna jibu moja la namba iliyoondolewa jana. Halihusiani na meseji yoyote. Nilifute?"

"Nionyeshe."

"Leo hujanisalimu," ndivyo yalivyosomeka maneno, yamegongana, herufi nyingine zimerudiwa mara mbili. "Unaumwa?"

Shamimu aliinuka, akaenda mpaka mlangoni, akarudi. Kisha alifanya kitu ambacho hakukifanya kwa miaka miwili. Alichukua simu yake mwenyewe, akaandika namba ya baba yake bila kuitazama popote. Akaandika shikamoo baba. Akaitazama. Akafuta baba, kwa sababu salamu ya binti yake ndiyo aliyoikataza simuni. Akatuma iliyobaki.

"Shikamoo."

Alikaa sakafuni, mgongo kwenye kitanda. Alijiambia kwamba mzee hatajibu. Alijiambia kwamba namba hii haijui, atadhani ni matapeli. Aliposikia mlio aliogopa kufungua.

"Marahaba mwanangu. Umebadilisha namba? Nilijua tu huwezi kunyamaza bila sababu."

Ilimchukua muda kuelewa, na alipoelewa ilimuuma mahali papya. Mzee hakuwa anamjibu yeye. Alikuwa anamjibu yule wa mbegu.

Basi mwambie, wewe Shamimu. Mwambie sasa hivi. Akaanza kuandika, mimi si, akasita, akafuta. Kabla hajapata maneno mengine simu ikalia tena.

"Unakaa wapi wewe?"

Hilo nalo lilikuwa swali jipya. Kwa msimu mzima mzee alikuwa amemuuliza yule wa mbegu maswali, asijibiwe hata moja. Shamimu alijikuta amejibu.

"Korogwe."

Akaweka simu magotini, akasubiri. Alimwona kama yuko mbele yake: simu imesogezwa puani, kidole kinatafuta herufi, kinakosa, kinarudi. Mzee Mhina hakuwa mtu wa kuacha sentensi njiani. Jua liliingia dirishani, likafika kwenye miguu ya kitanda. Ndipo ikaja, ndefu kuliko zote alizowahi kuandika.

"Alhamdulillahi. Jumatatu madaktari wa macho wanakuja hospitali hapo Korogwe. Nakuja na basi la asubuhi. Sina mwenyeji. Ninaye binti yuko Arusha kwa mumewe. Nilimwambia neno baya, asinisalimie kwa simu. Nimempigia nilirudishe, kila siku namba haipatikani. Najua amenikata, na ni haki yake."

Shamimu aliziba mdomo kwa kiganja. Laini ile ilikuwa jalalani Arusha. Mwaka mzima alijiambia kwamba baba yake hamtafuti, na mwaka mzima baba yake alikuwa anaipigia takataka.

Akatafuta mahali pa kupiga simu, akabonyeza, akakata kabla haijaita. Angesema nini? Kwamba binti aliyeko Arusha yuko Korogwe? Kwamba jana aliulizwa kama anamfahamu akasema hapana? Kwamba yule wa mbegu hayupo, na hakuwahi kuwapo, na asubuhi zote zile mzee alikuwa anaongea na mashine?

Simu ikalia mkononi mwake. Meseji nyingine.

"Njoo unipokee stendi kama una nafasi. Wewe utanijua, nitavaa kofia ya kijani. Mimi usoni sitakuona vizuri. Nitakujua kwa shikamoo yako."

Kofia ile aliinunua Shamimu mwenyewe, kwa mshahara wake wa kwanza.

Aliweka simu juu ya meza. Siku mbili zimebaki. Akasimama katikati ya chumba, peke yake, akajaribu kuisema shikamoo kwa sauti nzito ya mtu mwingine, ya karani wa kampuni asiyemjua mzee wala Mazingara. Akajaribu tena, kwa sauti nyembamba. Akajaribu kwa haraka, kama wanavyosalimu watu wa mjini.

Kila alipofungua mdomo ilitoka ile ile, ya mtoto aliyerudi kutoka kisimani na ndoo kichwani.